Mteja Aliyeomba Nimpunguzie Kasi

Vijana wa karakana wameniambia niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Nimewajibu kwamba sijaanza kusahau, nimestaafu tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Lakini wameng'ang'ania, na mimi nimechoka kukaa nyumbani kusikiliza kuku. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwaje, maana hayo hayamfundishi mtu kufungua mashine. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na kazi moja ambayo hadi leo mtu akiitaja nasisimka mwili mzima. Mmekuwa mkinong'ona kwamba Fundi Konsolata hataki kusikia habari za chesi. Haya, leo mtajua kwa nini.

Nilianza hapa Mbinga mjini kabla kompyuta hazijafika. Nilikuwa msichana wa Mkumbi niliyemaliza kidato cha nne, mikono inajua kuchuma kahawa na kushika kalamu, basi. Mzee Rashidi alikuwa na duka dogo karibu na stendi, akitengeneza mashine za kuchapa, redio na saa. Babu zake walitoka Kilwa. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza na chetu cha milimani kinakwaruza, naye hakuchoka kututania kwa hilo. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba binti. Unaogopa umeme?" Nikasema siogopi hata kidogo. Akasema, "Basi rudi kwenu. Mimi namtaka anayeogopa."

Sikurudi. Nilisimama mlangoni mpaka akachoka kuniona, akanipa brashi nisafishe mashine ya kuchapa ya misheni. Niliisafisha ikang'aa, ila herufi moja ikapotea. Tuliitafuta sakafuni wote wawili, tumepiga magoti, yeye anaomba dua na mimi namwomba Mtakatifu Antoni. Ombi la nani lilisikika sijui, lakini herufi ilikutwa ndani ya kiatu changu. Mzee Rashidi alicheka mpaka akakohoa, akasema kesho nije mapema.

Alinifundisha mambo mengi, nami nawaachia mawili. La kwanza, mteja usimwulize anataka nini, mwulize anataka kufanya nini. La pili, kabla hujaipima mashine kwa kifaa chochote, iguse. Iguse kwa mgongo wa kidole, siyo kwa ncha, kwa sababu mgongo wa kidole ukikutana na moto mkono unaondoka wenyewe. Kompyuta zilipoanza kuingia, macho yake yalikuwa yameshakuwa hafifu, lakini alikuwa akigusa tu na kuniambia, "Konso, homa iko hapa." Na kweli iko pale. Alipofariki aliniachia bisibisi yake yenye mpini mwekundu. Nimeondoka nayo, msiitafute.

Baada yake nilizunguka sana. Nimetengeneza kompyuta za shule Mpepai, za zahanati, za vyama vya kahawa, za maparokia. Nimekuta mende, nimekuta unga wa ugali, nimekuta jino la mtoto. Wateja wote, padri kwa mfanyabiashara, walikuwa na lalamiko moja: "Mama Fundi, inachelewa." Hakuna aliyewahi kuja kunilalamikia kwamba inakimbia mno, mpaka alipokuja Mwalimu Bosko.

Alikuja asubuhi moja ya kipindi cha baridi, amevaa sweta juu ya koti, amebeba laptop mpya kabisa iliyofungwa kwenye kitenge. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Maguu, mkulima wa kahawa, mtu wa kunyooka. Mji mzima ulijua habari zake, kwa sababu mwaka uliotangulia alimpoteza binti yake wa pekee. Editha alikuwa muuguzi Mbamba Bay, huko chini ziwani. Boti ilipinduka akielekea Liuli. Wenzake walipatikana, wazima na waliokufa. Yeye ziwa halikumrudisha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Fundi. Nimeletewa hii na mpwa wangu wa Dar. Naomba uipunguzie kasi."

Nilidhani sijasikia. "Kuiongezea?"

"Kuipunguzia. Ina kasi mno."

Nikakumbuka la Mzee Rashidi, nikamwuliza anataka kuifanyia nini. Akaketi, akafungua kitenge polepole, akasema anataka kucheza chesi na Editha.

Jamani, nilitazama mlangoni kama kuna mtu wa kunisaidia. Lakini Mwalimu hakuwa na macho ya mtu aliyechanganyikiwa. Alinieleza kama anayefundisha darasani. Yeye ndiye aliyemfundisha Editha chesi tangu mdogo, pale Maguu ambako watu walidhani ni drafti iliyopata cheo. Editha alipoajiriwa alinunua laptop ya zamani, mtumba, akaiwekea programu ya chesi na kuifundisha mianzo yake mwenyewe, zile hatua za kufungulia mchezo. Alikuwa na tabia zake. Alipenda kumsukuma mbele askari wa pembeni mapema, jambo ambalo hakuna mwalimu anayelishauri, na alikuwa mwepesi kumtoa farasi wake sadaka. Alipopotea, vitu vyake vililetwa nyumbani. Mwalimu akaiwasha ile laptop, akacheza mchezo mmoja, akaanza kulia.

"Ilikuwa inacheza kama yeye?" nikauliza.

"Fundi, ilikuwa inakosea kama yeye."

Alicheza nayo kila jioni, mpaka siku umeme ulipokatika Maguu na kurudi kwa kishindo, ukaichoma. Mpwa wake akamhurumia, akamtumia hii mpya, na Mwalimu akahamishia humo, kutoka kwenye diski iliyosalimika, programu ile ile na mianzo ile ile. Ikawa inamfunga bila huruma. "Ana akili sana huyu," akasema, akiisukuma kwangu kwa vidole viwili, "lakini ni mgeni."

Hapa niwaeleze la kazi, kwa sababu mtaulizwa. Programu ya chesi haina uchawi. Inajiuliza tu, nikienda hapa, yeye ataenda wapi, na mimi nitamjibuje, na kuendelea hivyo mpaka muda wake wa kufikiri uishe. Kwa muda ule ule, prosesa yenye kasi inaona mbali, na ya polepole inaona karibu. Kwa hiyo programu ni moja, lakini mchezaji anabadilika kwa prosesa. Mtu akitaka laptop ya chesi msimwuzie kadi kubwa ya picha, programu nyingi hazina kazi nayo. Angalieni prosesa ina viini vingapi, kila kimoja kina kasi gani, na zaidi ya yote, kama mwili wa mashine unajua kutoa joto. Prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Laptop nyembamba ya kupendeza huanza kwa mbwembwe, halafu baada ya muda inahema. Kwa chesi mpeni nene yenye feni nzuri, hata kama mwenyewe anaiona mbaya. Na hilo la joto mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililotupeleka tulikokwenda.

Nikaifunga ile mpya viini vyake vyote kikabaki kimoja, nikaishusha na kasi. Mwalimu akaondoka nayo, haikupita wiki akarudi.

"Kwanza alikuwa mgeni mwenye akili," akasema. "Sasa ni mgeni mlevi."

Nikamwambia aniletee ile iliyoungua. Nilipoifungua, ubao mkuu ulikuwa umekufa kabisa, lakini prosesa ilikuwa ya aina ile ya zamani inayochomoka, nayo ilikuwa nzima. Feni ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa imeshonwa na vumbi jeusi laini, nikadhani ni masizi, kumbe ni nkungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, ambao Wanyasa huwakamata na kuwafinyanga mikate. Maelfu, wamekauka. Editha aliishi nao mle chumbani kwake Mbamba Bay, na mashine yake ikawavuta ndani siku kwa siku. Niliwabwaga kwenye gazeti, na Mwalimu akaomba nisiwatupe. Akalikunja lile gazeti akalitia mfukoni.

Nikaisafisha prosesa, nikaipaka grisi mpya, nikaiweka pamoja na diski yake kwenye mwili mwingine wa zamani niliokuwa nao, wenye feni nzuri. Mwalimu akacheza hapo hapo mezani kwangu. Askari wa pembeni akasogea, naye akatabasamu, mara ya kwanza nimwone akitabasamu. Na kwa sababu ya furaha akaanza kusimulia, nami nikimsikiliza huku nimemgeuzia mgongo, napanga vifaa. Jumapili baada ya misa, alisema, watu walikuwa wakijaa kwenye ukumbi wa parokia kuwatazama wakicheza, na saa ya mchezo iko pembeni, kila mmoja na muda wake. Basi Editha akifika mahali pa kumfunga baba yake, anakunja mikono ndani ya kanga, anatazama dirishani, anauacha muda wake uishe. Anashindwa kwa saa. Watu wanapiga makofi, Mwalimu huyo, Mwalimu hafungiki!

"Mbele ya watu hakunifunga hata siku moja," akasema. "Tukiwa wawili tu alinichapa mpaka nikaona aibu. Mama yake mwenyewe hajui, anadhani mimi ndiye bingwa."

Halafu akatazama kioo. Alikuwa amefungwa. "Ni yeye," akasema taratibu, "lakini amekuwa mkali." Akapitisha mkono chini ya mashine. "Mbona ya baridi?"

Nikamweleza kwamba feni sasa ni safi, na baridi yetu hii ya milimani inaisaidia, kwa hiyo prosesa inakimbia inavyoweza. Ile ya mwanzo ilikuwa na joto la kuungua kwa sababu nkungu waliziba feni.

"Kwa hiyo mwanangu ninayemjua ndiye aliyekuwa na homa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi nirudishie homa."

Nilikataa. Nilimwambia mimi huondoa uchafu, sirudishi, na kama anataka fundi wa kuchafua atafute mwingine. Nilisema kwa ukali, kwa sababu niliogopa. Aliniaga kwa adabu, akaondoka na mashine yake kifuani.

Kipindi cha baridi kikapita. Mvua zilipokuwa zimekaribia, akaja mke wake. Mama Editha ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, alitembea na rozari mkononi na hakukaa nilipompa kiti.

"Mama Fundi, umempa nini mume wangu?"

Akaniambia kwamba ile mashine ilikuwa inawekwa karibu na moto jikoni, imefunikwa blanketi la Editha, na Mwalimu anaiambia, "Ota moto mwanangu, ota moto." Yeye mke akipita kuchukua chumvi anaambiwa asifungue mlango, anaingiza baridi. Siku nyingine aliingia akamkuta mumewe amelala mkekani na mashine imewaka chini ya blanketi, mwanga unapanda na kushuka, na blanketi lina umbo ambalo yeye kama mama hakutaka kulitazama mara ya pili. Na sasa Mwalimu amehama. Ameteremka Mbamba Bay, amepanga chumba kile kile alichokaa Editha, kwa sababu huko kuna joto.

"Mimi nataka nimzike mwanangu," akasema. "Wazee wamekubali tuzike nguo zake, tusomewe misa, tuanue matanga. Mwaka umepita na zaidi. Baba yake anakataa. Anasema mtu hazikwi akiwa bado anacheza."

Hapo ndipo aliketi, akalia.  Nilimshika mabega tu.

Siku chache baadaye nikaitwa kwenye sengu. Kwa msiotoka kwetu, sengu ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja, kila nyumba inaleta chakula chake, na wakishakula wanaamua mambo ya ukoo. Mwanamke kuitwa pale, tena wa ukoo mwingine, tena kwa ajili ya prosesa, nadhani haijawahi kutokea huku kwetu Umatengoni kote. Walinipa kigoda karibu na mlango, na ugali na maharage kwenye sahani yangu peke yangu. Mzee Kasiani, kaka mkubwa wa Mwalimu, alinawa mikono, akanigeukia.

"Fundi, wewe ndiye uliyeifungua. Mle ndani mna mtu?"

"Hamna mtu, mzee. Mna hesabu."

"Hata mdogo wangu ni mtu wa hesabu," akasema. "Umeangalia vizuri?"

"Nimeiangalia na nimeigusa. Ni kipande cha kitu, ukubwa wake hata kiganja hakijai. Kikipata joto kinazubaa, kikipata baridi kinachangamka. Basi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kama kitu hicho kinaweza kuchomwa moto tu tukamaliza habari. Mama Editha, aliyekuwa nje na wanawake wenzake, akapaza sauti: "Msimchome!" Kisha naona akasikia mwenyewe alivyosema, kwa sababu akajifunika uso kwa kanga. Mzee Kasiani akasema niende ziwani na shemeji yake, Mama Editha, nikamwambie Mwalimu yale yale niliyowaambia wao.

Tukateremka. Barabara siku hizi ni lami, inashuka kona kwa kona, na kila kona unavua nguo moja. Tulifika Mbamba Bay jua liko utosini. Chumba kilikuwa nyumba ya mwisho kabla ya mchanga, bati juu, hakuna dari, joto lake kama la tanuri. Mama mwenye nyumba, Mnyasa mcheshi, alikuwa anaanika usipa, dagaa wa huko. Alitukaribisha, akashusha sauti akasema mgeni wake ni mtu mzuri, halipi kwa kuchelewa, hanywi, ila ana mazungumzo. "Na siku zote anaongea mmoja," akasema. "Ndiyo maana sijamfukuza."

Mwalimu alikuwa amekaa na fulana, amekonda, laptop mezani, na kando yake ubao wa mbao wenye kete zile zile. Alifurahi kutuona. Hilo liliniuma kuliko kama angekasirika. Alimwambia mkewe aketi kitandani, na mimi akanipa ndoo niikalie.

"Mmekuja wakati mzuri," akasema. "Leo yuko vizuri."

"Baba Editha," mkewe akasema, "turudi nyumbani. Mashamba yanatungoja. Watu wanatungoja."

"Ngoja kidogo. Zamu yake."

Nikaanza hotuba yangu. Nikamwambia, Mwalimu, wewe unajua kuliko mimi, ile ni prosesa yenye joto na programu inayoona karibu, ukiihamisha ukutani kwenye kivuli atakuwa mtu mwingine, kwa hiyo huyo si mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Fundi, na mimi nikipata homa naongea vingine. Mke wangu aliwahi kusema mimi si mtu?"  Nje mama mwenye nyumba akapiga kelele, "Fungeni madirisha, nkungu wanakuja!" Nikasimama nikafunga dirisha. Kupitia kioo niliwaona, nguzo ya moshi iliyosimama juu ya maji, inatembea kuja ufukweni bila upepo. Halafu chumba kikawa giza la jioni ingawa ilikuwa mchana, na bati likaanza kunong'ona, wadudu wanaliparaza.

Mwalimu akasogeza kete yake, akabonyeza. Kwenye kioo kulikuwa na saa mbili za mchezo kama kawaida, ya kwake na ya Editha. Ya Editha ikaanza kuhesabu.

"Nimekwisha," akasema, akielekeza kidole kwenye ubao. "Mama Editha, njoo uone. Malkia wake akija hapa, mimi basi. Hata anayeona karibu anaiona hii."

Mkewe hakuwahi kukaa kwenye chesi maisha yake yote, lakini alikuja, akasimama nyuma ya bega lake. Mimi nami nikasogea. Tulikuwa watu watatu tumeinamia kioo, nkungu wanaparaza bati, na saa ya Editha inahesabu.

Malkia hakusogea.

Mimi nilisikia kabla yao, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Feni ilikuwa imenyamaza. Katika joto lile, prosesa inafikiri, feni inatakiwa ilie kama mbwa. Haikulia. Kioo kilikuwa kimewaka, saa inatembea, hakuna kilichoganda. Ila hakuna aliyekuwa anafikiri. Programu ya chesi haishindwi kwa muda, jamani. Inajua hesabu ya muda wake kuliko mnavyojua majina yenu. Mama Editha akanishika mkono, kiganja chake kimelowa jasho. Mwalimu alikuwa hapumui.

Muda ukaisha. Maandishi yakatokea kwamba yeye ndiye mshindi.

"Umeshinda," Mama Editha akasema kwa sauti ya kubembeleza, kama anayesema na mgonjwa. "Umeshinda, Baba Editha. Basi twende."

Mwalimu alitugeukia. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akatuhesabu kwa macho, nikaona anavyoelewa, nami nikaelewa pamoja naye, na mwili wangu wote ukasisimka.

"Sijashinda," akasema. "Sijawahi kumshinda, Mama Editha. Tangu yuko darasa la tano sijamshinda. Alikuwa ananiachia. Watu wakiwepo, alikuwa ananiachia." Machozi yalikuwa yanamtoka wala hayafuti. "Amekuona uko hapa."

Mama Editha aliketi chini sakafuni. Alilia kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba tangu siku ile ya boti, na mumewe akashuka kwenye kiti akakaa naye hapo chini, wakashikana. Nkungu waliondoka, mwanga ukarudi, nao bado wako pale.

Mimi sikujua pa kuweka macho, nikafanya ninachojua. Nikaizima mashine, nikatoa bisibisi ya Mzee Rashidi, nikaifungua. Nilitaka nikute wadudu kwenye feni. Niliwaomba wawemo, niwaambie ukweli. Feni ilikuwa safi, hata mdudu mmoja hamna, dirisha nilifunga mwenyewe. Grisi ilikuwa kama nilivyoipaka. Nikageuza kidole, nikagusa prosesa kwa mgongo wake, na mkono ukaondoka wenyewe.

Haikuwa moto. Ilikuwa baridi. Katika chumba kile, mchana ule, ilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa sasa hivi chini ya maji. Nimegusa prosesa maisha yangu yote ya kazi, na kila inayofanya kazi ina joto. Ninyi vijana mna vipimo na mna intaneti. Mkipata maelezo, mje mniambie nyumbani, nitawachinjia kuku mmojawapo.

"Nipe hiyo tu," Mwalimu akasema kutoka sakafuni. "Hayo mengine chukua wewe."

Nikaichomoa, nikaifunga kwenye karatasi ya foili, nikampa. Tukapanda milima kurudi. Alikaa katikati yetu, mkono mmoja ameushikia mfuko wa shati.

Walimzika Editha Maguu kabla ya mvua, kwenye mteremko ulio juu ya kahawa. Padri alisoma misa, kwaya ikaimba, watu walijaa. Sanduku lilikuwa na gauni lake la bluu, viatu, sare yake ya kazi na lile blanketi. Kabla halijafungwa nilimwona Mwalimu anainama, anatia kitu kwenye mfuko wa gauni, kitu kidogo kwenye karatasi ya foili, na juu yake kipande cha gazeti kilichokunjwa. Mama Editha alikuwa anamtazama na alitikisa kichwa kukubali. Matanga yakaanuliwa, watu wakala, wakaondoka.

Mimi nilibaki nyuma, maana fundi hawezi kuacha kuuliza. Alikuwa amesimama kaburini peke yake, ukungu unapanda kutoka bondeni, sweta lake juu ya koti. Nikamwuliza, "Mwalimu, ulihangaika sana kumtafutia joto. Mbona umemleta huku?"

Aliinama akapapasa udongo kwa mgongo wa kidole, sijui nani alimfundisha.

"Huku kuna baridi, Fundi," akasema. "Na hakuna anayetazama. Acha acheze anavyoweza."